Waya Wenye Mapigo

Simu iliita wakati Mama Taa ameshavua ovaroli na ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Aliitazama ikitetemeka juu ya meza ya kazi, akaiacha mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Akafuta vidole kwenye gauni, akapokea.

"Dada, feni haizunguki." Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, kama mtu anayechelea kusikiwa chumba cha pili. "Gari linachemsha kabla halijafika popote. Na nina mgonjwa ndani, nataka nimfikishe hospitali leo hii."

"Gari la nani?"

"La Mshonaji. Mimi mke wake."

Mama Taa aliigeukia ovaroli iliyoning'inia msumarini. Aliyemshonea ni Mshonaji huyo huyo. Alimwekea mifuko ya ziada mapajani kwa ajili ya koleo na bisibisi, na mpaka leo haijaachia hata uzi. Mtu aliyekushonea nguo ikakukaa namna ile humwambii asubiri kesho. Akaivaa tena, ingali na jasho la mchana, akabeba mfuko wa vifaa, akafunga kibanda.

Alikuwa fundi umeme wa magari, mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, mwepesi wa utani. Zamani alianza kwa kufunga taa za mbele tu, watu wakambandika jina la Taa. Alipozaa, likawa Mama Taa. Mashoga zake wangeulizwa jina lake la kuzaliwa wangekuna vichwa kwanza. Lakini kitu kimoja kila mtu alikijua: hana kinyaa. Panya waliooza kwenye mabomba ya hewa aliwatoa kwa mkono mtupu. Kuku aliyekaukia chini ya injini alimtoa kipande kipande, kisha akakaa kula chakula cha mchana, na mafundi wenzake ndio waliohama.

Giza lilikuwa linaingia alipofika. Nyumba ilikuwa nyuma ya uwanja wa shule, geti la bati la bluu, taa ya nje imeshawashwa. Alinyoosha mkono agonge...

Harufu ikamwahi.

Ilikuwa harufu ya mchuzi uliosahauliwa sufuriani, ukafunikwa, ukachacha, kisha mtu akaupasha moto tena. Nzito, ya mafuta mafuta. Ilikaa kwenye ulimi.

"Panya," alijisemea. "Tena si mdogo."

Mke wa Mshonaji alimfungulia. Mikono ya gauni lake ilikuwa imelowa hadi viwikoni kwa kukamua vitambaa. Nyuma yake gari dogo jeupe lilielekeza pua getini, limepakiwa vitu vya kuhama: godoro limefungwa juu, masanduku yamebanana hadi kwenye vioo, cherehani imelazwa kiti cha nyuma. Kiti cha mbele kilichobaki wazi kilikuwa na doa pana la jasho.

"Tulikuwa tunahama," mwanamke alieleza wakitembea. "Nimehamishwa kazini, naye akakubali tuende wote. Akanunua hili gari, zima kabisa. Asubuhi ya safari, hatujafika hata barabara kubwa, likachemka. Tukarudi. Na yeye siku hiyo hiyo akalala. Homa, dada. Vidonge vinashuka, homa haishuki."

"Si ungemkodia jingine?"

Mwanamke alitupa jicho kuelekea mlango wa jikoni, akasogea karibu.

"Jirani alimpakia kwake juzi. Hawakufika hata kwenye kona. Alipiga kelele, anasema kitovu kinamvuta. Kinamvuta kurudi huku. Ikabidi wageuze... akanyamaza hapo hapo getini."

Mlangoni pa jikoni bibi kizee alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele.

"Mama mkwe wangu," mke wa Mshonaji alinong'ona.

"Shikamoo, mama," Mama Taa aliamkia.

"Marahaba." Kizee hakumtazama usoni. Alitazama mfuko. "Umekuja na vyuma."

"Gari halitengenezwi kwa vijiko, mama."

Hakuna aliyecheka.

Alipelekwa kwanza kumjulia hali mgonjwa. Chumba kilikuwa upande wa uani, dirisha lake likitazama gari. Mshonaji alilala chali, kifua wazi, aking'aa chini ya taa. Mkewe alipobandua kitambaa kifuani kwake, jasho halikudondoka. Lilifuata kitambaa. Likavutika nyuzi nyuzi kama mlenda, likarefuka, likakatika, likarudi kujilaza juu ya ngozi.

Mama Taa akameza mate. Mate yenyewe yalikuwa na ladha ya ile harufu. Kumbe haikuwa ya gari peke yake. Chumbani ilikuwa kali zaidi.

"Pole, kaka."

"Naungua," Mshonaji alisema kwa midomo iliyopasuka. "Naungua kwa ndani. Nipepeeni..."

Mama Taa alitoka haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

Alifungua boneti. Panya hakuwepo. Alimulika kila mahali kwa tochi, akapekua chini ya betri, nyuma ya rejeta inayopoza maji ya injini, akaona vumbi la kawaida la gari la kawaida. Akafungua kopo la maji ya akiba, akamulika ndani.

Juu ya maji kulikuwa na utandu.

Utandu mnene, wa kijivu, wenye macho macho ya mafuta, kama supu ya kwato iliyopoa. Aliwahi kuona oili ikiingia kwenye maji. Alitia ncha ya kidole apate kujua. Utandu ukamng'ang'ania, ukanyanyuka pamoja na kidole. Akanusa. Haikuwa oili. Ilikuwa jasho la mtu... na ndani yake kulikuwa na unywele mfupi mweusi, umejikunja.

Alifuta kidole kwenye ovaroli, akafuta tena, akaendelea kufuta hata kilipokuwa kimeshakauka.

"Kazi ni kazi," alisema kwa sauti, apate kujisikia mwenyewe.

Akawasha gari. Injini ilinguruma vizuri. Alisimama akitazama mshale wa joto ukipanda taratibu, na ndipo alipoanza kusikia, kutoka dirishani, sauti ya Mshonaji. Kwanza ilikuwa mguno. Mshale ukapanda, mguno nao ukapanda. Mshale ulipokaribia alama nyekundu, ule haukuwa mguno tena.

"Anaanza hivyo kila akisikia gari," mkewe alisema kutoka dirishani, macho yamemtoka. "Nafikiri anahisi tunaondoka."

Mama Taa aliinamia injini. Alikuwa anasikiliza rilei, kile kiboksi kidogo kinachofungulia feni umeme joto likizidi. Ikalia: tik. Feni haikutikisika. Akazima injini, akaacha swichi imewashwa, akafuata mambo moja moja kama siku zote. Fyuzi ilikuwa nzima. Rilei ilikuwa inalia na kupitisha umeme. Akachomoa soketi ya feni, akatoa nyaya mbili mfukoni mwake, akaunga mota moja kwa moja kwenye betri.

Feni ikazunguka, kwa nguvu, bila hata kukwaruza.

Na kutoka chumbani ikasikika, "Aaah..." Pumzi ndefu, ya mtu aliyemwagiwa maji ya mtungi.

Mama Taa akaondoa nyaya. Feni ikasimama. Mguno ukarudi.

Akaziunga tena. "Aaah..."

Akaziondoa.

"Usimfanyie hivyo," kizee alisema kutoka kigodani. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya mchele.

Nywele zilimsimama Mama Taa shingoni, lakini akili ya ufundi ilikuwa imeshashika njia yake. Mota nzima, fyuzi nzima, rilei nzima: basi umeme unapotelea njiani. Akatoa taa yake ya kupimia, kijitaa chenye sindano upande mmoja na waya wa kubana upande wa pili. Sindano ikigusa umeme, kinawaka. Akabana waya kwenye bodi, akachomeka sindano kwenye soketi ya feni.

Kijitaa kiliwaka. Kikafifia. Kikawaka. Kikafifia.

Waya uliokatika hauwashi kabisa, na uliolegea hucheza ovyo ovyo. Huu haukuwa ovyo. Ulikuwa na mwendo.

Bila kujua kwa nini, alinyanyua kichwa kuelekea dirishani. "Mdogo wangu, hebu mshike mkono mumeo. Mapigo yake. Kila likipiga, sema sasa."

"Kwa nini?"

"We sema tu."

Kitanda kililia. Kisha sauti ya mke ikaanza, ikitetemeka.

"Sasa..."

Kijitaa kikawaka.

"Sasa..."

Kikawaka.

"Sasa... sasa..."

Mama Taa alichomoa sindano kana kwamba imemuuma.

Alibaki ameshika ukingo wa boneti. Angeweza kufunga mfuko wake akaenda nyumbani, nani angemlaumu? Lakini mguno ule ulikuwa unaendelea, na wa mtu anayemjua. Akashusha tochi, akaufuata waya wa feni kwa vidole kutoka kwenye rilei, ukipita nyuma ya taa ya kushoto, ukishuka pembeni ya rejeta. Hapo, mahali ambapo jicho halifiki, vidole vilikuta uvimbe. Waya ulikuwa umenenepa ghafla, unene wa kidole gumba, umezungushiwa tepu nyeusi.

Ulikuwa na joto. Waya ukibeba umeme mwingi hupata joto, lakini la waya ni kavu. Hili lilikuwa joto la kwapani.

Akaanza kuifungua tepu. Haikuchanika kama tepu. Ilichunika. Kila mzunguko ulitoka na kamba za ute, na harufu ikafumuka humo mpaka macho yakamtiririka machozi. Mzunguko wa mwisho ukaanguka.

Ndani kilikuwepo kitu kilichojisokota, cha kijivu kinachoelekea wekundu, kimelowa, mishipa ya bluu ikipita ndani yake. Nyuzi za shaba ziliingia mwisho wake mmoja na kutokea mwisho wa pili, na nyama ilikuwa imekua kuzizunguka, kama fizi inavyoshika jino.

Kilituna. Kikalegea. Kikatuna.

Mkono wa Mama Taa ulifanya kazi kabla ya akili. Kwa mazoea ya miaka, sindano ya kijitaa ilikwenda pale inapokwenda siku zote: katikati ya kiungo, kuona kama umeme unapita.

Ikazama laini, kama kwenye ini.

Ukelele uliotoka chumbani uliwanyamazisha mbwa wa mtaa mzima.

"Damu!" mkewe alilia. "Dada, anatoka damu kitovuni!"

Sindano ilipotoka, tone jeusi lilifuata, likateleza chini ya kile kitu, likamdondokea Mama Taa kwenye kiganja. Lilikuwa la uvuguvugu. Hapo ndipo alipoelewa anatazama nini. Alikuwa amezaa, alishakiona kitovu kibichi kama hicho, siku ile mkunga alipomwinulia mwanawe. Aligeukia ukuta akatapika, yeye Mama Taa, akatapika mpaka ikabaki nyongo.

"Usikichome," sauti ilisema nyuma yake.

Kizee alikuwa amesimama. Punje za mchele zilimdondoka mapajani.

"Kilikuwa kikavu," alisema, kwa sauti ya mtu anayejieleza dukani. "Nilikitunza tangu kilipoanguka, kwenye kitambaa. Kikavu kama pilipili ya juani, mwanangu. Sikujua kitarudi kuwa hivyo."

"Mama." Mke wa Mshonaji alikuwa dirishani, mikono ina damu. "Mama... ni wewe?"

"Nilisema gari lisiende!" Kizee alimgeukia. "Gari tu! Sikusema mwanangu aungue. Mnaniachia kuta hizi, nizungumze na nani?"

"Tulikuomba twende wote. Nilikuandalia chumba."

"Nyumbani kwako," kizee alisema, na kwa maneno hayo mawili Mama Taa akasikia miaka mingi ya mambo yasiyomhusu.

Alijipangusa mdomo. "Mama, nani alifunga hiki kitu?"

"Alipita mtu akiuliza kama kuna gari lenye shida. Nikamwambia halina, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Akacheka. Akaniambia, nipe chochote chake ulichokitunza." Alishusha sauti. "Hakuwa na mfuko kama wewe. Hakuwa na hata bisibisi. Aliinama hapo hapo ulipoinama... akafanya kazi kwa mdomo."

Mama Taa alimulika. Pale plastiki ya waya ilipoishia, haikukatwa kwa koleo. Ilitafunwa. Alama za meno zilikuwa ndogo ndogo, nyingi, zimebanana kuliko meno ya mtu yanavyoweza kubanana.

Mshonaji aliguna tena, dhaifu mno. Hilo ndilo lililomrudisha Mama Taa kazini. Mshangao angeufanya baadaye. Alikata kipande kirefu cha waya mpya mwekundu, akakiunga kwenye mguu wa rilei, akakipitisha upande wa pili wa gari, mbali na kile kitu, akakifikisha kwenye soketi ya feni. Akafunga viungo kwa tepu yake mwenyewe.

Tik.

Feni ikazunguka.

Ilivuta joto lote lililolala kwenye rejeta, na pamoja na joto yakaja matone, ukungu mzito wenye chumvi uliomlowesha usoni, midomoni, ndani ya pua. Alifumba macho, akatema, akatema tena. Lakini hakusogea. Alisikiliza.

Mguno ulishuka, ukawa pumzi, na pumzi yenyewe ikatulia.

"Anapoa," mkewe alisema. Alikuwa analia. "Dada, anapoa! Jasho lake limekuwa maji!"

Wangeishia hapo, ingekuwa hadithi nyingine. Lakini kile kitu kilichobaki kimening'inia pembeni, umeme sasa haukipitii, kilianza kuvimba. Kikawa cha zambarau. Ngozi yake ikakaza mpaka ikang'aa, na chumbani Mshonaji akaanza kujishika tumbo kwa mikono miwili.

"Lazima kitoke," Mama Taa alisema. Aligusisha koleo. Aligusisha tu, hajabana, na ukelele ukaja tena.

"Si kwa chuma," kizee alinong'ona.

"Kwa kitu gani, basi?"

Kizee alijifunika mdomo kwa kanga. Taya yake ilikuwa inacheza.

"Mama, mwanao anakufa. Kwa kitu gani?"

"Alisema siku nikijuta... aliyeomba ndiye atakayetafuna."

Mke wa Mshonaji alileta uzi mweusi, uzi wa mumewe wa kushonea suruali. Mama Taa alifunga fundo upande huu na fundo upande ule, kama wakunga wafanyavyo, vidole vikiteleza, kile kitu kikimchezea mkononi kama samaki asiyetaka kufa. Kisha akasogea pembeni.

Kizee aliinama ndani ya boneti. Alikuwa na meno machache, ya njano, yasiyokutana. Alilazimika kutafuta mahali ambapo la juu linalifikia la chini. Walisikia ngozi ikikataa. Walisikia meno yakiteleza, yakirudi, yakisaga... mlio wa mtu anayetafuna mshipa wa nyama mbichi. Maji meusi yalimchuruzika kidevuni, yakaingia shingoni mwa gauni. Alilia huku anatafuna. Alikuwa anaita jina la utotoni la mwanawe, mdomo umejaa.

Upande mmoja ukaachia. Kisha wa pili.

Chumbani Mshonaji akaachia tumbo lake.

"Tema, mama," Mama Taa alisema. Alikuwa ameshika kitambaa tayari kukipokea. "Tema hapa."

Kizee aliinuka. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, mashavu yamemjaa.

"Tema, mama!"

Koo lake likapanda.

Likashuka.

Alifuta mdomo kwa ukingo wa kanga, akarudi kwenye kigoda chake, akaokota sinia la mchele.

Mshonaji alifika hospitali usiku ule ule, mkewe akiendesha, Mama Taa akiwa amebanana nyuma na cherehani, macho yake hayatoki kwenye mshale wa joto. Walipita geti, wakapita kona, mgonjwa hakulia. Feni iliwaka ilipotakiwa kuwaka na kuzima ilipotakiwa kuzima. Mgonjwa aliwekewa maji ya mshipa, akala uji, akawatania wauguzi. Wakati ulipofika walihama kweli, na hawakupitia nyumbani kuaga.

Mama Taa aliuliza. Aliuliza mafundi wa mjini na wa pembezoni kama kuna anayemfahamu mtu anayefunga nyaya bila vifaa. Walimcheka. Mzee mmoja muuza betri chakavu tu ndiye asiyecheka. Alimwambia aache kuuliza, akafunga duka mapema siku hiyo. Zaidi ya hapo hakupata kitu. Ovaroli yake aliiloweka, akaichemsha, mwisho akaichoma nyuma ya kibanda. Roho ilimuuma, lakini angefanyaje.

Kisha simu ikaita. Mke wa Mshonaji.

"Hajambo kabisa, dada. Homa haijarudi. Ila... nguo zinamvuka. Nimempunguzia suruali, nikampunguzia tena. Nilidhani amekonda. Si kukonda. Jana nimemsimamisha mlangoni kwenye alama ya urefu wake tuliyoweka tulipohamia. Haifikii tena. Na analala amejikunja, magoti kifuani. Usiku kucha hivyo. Nikimnyoosha analia."

Mama Taa aliweka bisibisi chini.

"Mama hapokei simu zetu. Hebu nipitie hapo, umwangalie tu. Tafadhali."

Alikwenda mchana, jua linawaka, makusudi. Geti la bluu halikufungwa. Ndani hakukuwa na harufu yoyote, na hilo lilimsumbua kuliko kama ingekuwepo. Kizee alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mto, uso wake umejaa na kung'aa kama wa msichana. Mashavu yake yalikuwa na damu. Alitabasamu, na Mama Taa akaona meno mapya madogo yakichomoza kwenye fizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ulinisaidia sana wewe." Alikifunua kitenge kilichomfunika. "Njoo uweke mkono."

Tumbo lilikuwa limetuna, gumu, la duara, juu ya mapaja makavu ya bibi wa umri ule. Mstari mweusi ulishuka kutoka kitovuni. Mama Taa alitaka kugeuka atoke. Lakini kizee alikuwa ameshamkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo hakutakiwa kuwa nazo, akamkandamiza kiganja juu ya ngozi.

Chini ya kiganja, kitu kiligeuka. Taratibu. Kisigino kilipita, kisha goti, kisha vidole vitano virefu vya mtu mzima, vimejipanga upande wa pili wa ngozi, vikisukuma.

"Anacheza," kizee alinong'ona. "Zamani nilikosea, mwanangu. Nilimzaa."

Akamtazama Mama Taa kwa upole kabisa.

"Safari hii simtoi."

Mama Taa alikimbia mpaka kibandani. Alimwaga petroli kwenye beseni, akatumbukiza mkono, akasugua kwa brashi ya waya mpaka ngozi ikaanza kutoka. Juu ya meza ya kazi simu ilikuwa inaita. Ni mke wa Mshonaji, anataka kujua kama mama hajambo. Iliita ikanyamaza, ikaita tena, na Mama Taa akaendelea kusugua.